Mkaja wa Kibibi

Sogeeni, wenye masikio na wenye ubishi, maana hili limenishinda peke yangu.

Muheza walikuwako wanawake watatu. Bi Chausiku alipiga picha za harusi na hakutupa hata zilizoharibika. Sauda alisafisha picha kwenye kompyuta. Bi Nyamvua hakujua kamera wala kompyuta, ila sura aliyoipenda haikumtoka moyoni.

Basi Kibibi akaposwa. Mama yake, Mwanaidi, alifariki siku ya kumzaa, na hakuacha hata picha moja. Kibibi akasema, "Siolewi mpaka nimwone mama yangu."

Bi Chausiku akafungua sanduku la sidii zake. Siku ya nne akamwona Mwanaidi kwenye harusi ya watu, nyuma ya bibi harusi. Akamtambua kwa gauni la njano alilozoea kumwona nalo, maana uso ulikuwa ukungu mtupu.

Sauda akaitia picha ile kichujio cha kunoa, kinachokaza mistari iliyofifia. Pua ikatokea, macho yakatokea. Kwa furaha akazidisha. Kibibi kutazama, akaangua kilio: "Mbona mama alikuwa mzee hivi?"

Bi Nyamvua, shoga wa marehemu, akavuta kiti. "Mama yako alikuwa na miaka ishirini, mwanangu. Makunyanzi haya hakuwa nayo."

"Hizo ni chenga za kompyuta," Sauda akakiri. "Nimenoa mno."

"Basi rudisha nyuma. Noa macho. Noa midomo. Mashavu yaache, yalikuwa laini. Hapo! Huyo ndiye Mwanaidi, anajizuia kucheka."

Kibibi akagusa kioo kwa kidole. "Shikamoo, mama," akasema. Hapo hata Sauda alilia.

Siku ya harusi wakwe wakaleta mkaja, nguo apewayo mama wa bibi harusi kwa uchungu wa uzazi. "Mama yuko wapi?" wakauliza.

Baba wa Kibibi akamnong'oneza bintiye, "Mpe aliyekuletea mama yako." Wanawake wale watatu wakamsikia.

"Bila picha yangu mngenoa nini?" akasema Bi Chausiku.

"Bila mimi mngebaki na ukungu," akasema Sauda.

"Na bila mimi," akasema Bi Nyamvua, "angemlilia bibi kizee asiyemzaa."

Kibibi kasimama, nguo mikononi, anawapenda wote watatu. Usiniambie aikate, mkaja haukatwi. Wala usiniambie aivishe picha, wakwe wanangoja mama wa kumpa mkono. Je, wewe ungempa nani?