Moshi Uliohamia Jikoni

Mnanichosha. Mchele huu bado una mawe, na nyinyi mnataka hadithi. Haya, kaeni, lakini mkinijibu ovyo mwishoni naingia ndani.

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani ya magari, liwali wa mji mmoja alichoshwa na moshi. Akatia kodi kwenye petroli: anayetaka kutoa moshi aulipie, asiyetaka atembee. Wengi wakauza magari.

Si Makungu. Makungu alikaa na mkewe Raya na mama yake, Bi Mize, mwenye pumu. Alikwenda kwa gari kunywa kahawa, na kahawa yenyewe nyumba ya nne. Alikwenda kwa gari msikitini, akachelewa akitafuta pa kuegesha.

Kodi ilipokuja alilalamika wiki nzima, humo humo garini. Raya akamwambia atembee. Aliyejibu ni Bi Mize: "Mwanangu atembee kwa miguu kama mbuzi? Watu watasema tumefilisika."

Basi pesa ya kodi Makungu akaitoa kwenye gesi ya kupikia. Raya akawasha kuni, tena mbichi. Kodi ikapanda. Makungu akaendesha, Raya akapuliza, Bi Mize akakohoa. Ikapanda tena. Makungu akaendesha, Raya akapuliza, Bi Mize akakohoa mpaka akaanguka.

Siku hiyo gari halikuwaka. Petroli ya mwisho iliishia kwenye safari ya kahawa. Makungu akambeba mama yake mgongoni, kilima kizima, mpaka zahanati. Daktari akauliza huu moshi kifuani ni wa nani.

"Wa liwali," alisema Makungu. "Bila kodi yake, gesi ingekuwapo."

Maneno yakamfikia liwali, akaleta jibu kwamba kodi aliitia kwenye petroli, hakuitia jikoni.

"Wa Raya," alisema Bi Mize pumzi ziliporudi. "Kuni kawasha nani?"

"Nimewasha mimi, mama," alisema Raya. "Mlikula kila siku. Nani aliuliza gesi imekwenda wapi?"

Bi Mize alipona nusu. Akaambiwa aende zahanati kuvuta dawa kila asubuhi. Gari likauzwa, likaishia kwenye hiyo dawa. Na Makungu, aliyeshindwa kutembea nyumba nne, akawa anampandisha mama yake kilima kila siku ya Mungu, watu wakitazama.

Msinikodolee macho. Alikuwa akilipia kosa lake, la Raya, la liwali, au la huyo aliyekaa mgongoni?