Ufagio wa Chanceline

Katika ufuo wote huu wa ziwa, toka Muhuta hadi Nyanza-Lac, hakuna anayejua methali kunishinda. Ninazijua zote, maana zake tu ndizo hunikimbia. Hii moja haikunikimbia, kwa sababu niliiona ikija kwa miguu: njia ya mwongo ni fupi. Yaani msema uongo hafiki mbali kabla ukweli haujamshika upindo wa kitenge.

Miaka ile ya vita, pale Rumonge, wanawake wa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, walifanya kazi nusu siku. Wa asubuhi walifagia mchanga na kutandaza samaki. Wa alasiri waligeuza na kukusanya kabla ya umande. Sheria yao ilikuwa moja. Aliyefiwa alimpelekea mwenzake ufagio wake wa vijiti vya mchikichi, na aliyeletewa ufagio hakuweza kuukataa. Harusi iliombewa ruhusa, na mara nyingi ruhusa ilikosekana. Msiba haukuombewa, wala haukudaiwa shahidi, maana siku zile kifo kiliaminika upesi kuliko wingu la mvua.

Domitille alikuwa wa asubuhi. Mumewe alikwenda kutafuta chumvi akapotelea vitani. Alasiri zake alizitunza kama mboni ya jicho, kwa kuwa mwanawe Elda, wa miaka minne, alikuwa na malaria kali, na kila alasiri alidungwa sindano dispensari. Zilikuwa zimebaki tatu.

Asubuhi moja Chanceline, kibarua wa alasiri, alifika akilia, ufagio mkononi.

"Mama Elda, mama mkwe wangu Anastasie amekufa kule Muhuta! Nishikie zamu."

"Pole, dada yangu. Lakini Elda ana sindano leo. Hakuna mwingine?"

Mariyamu, msimamizi wa uwanja, alisikia. "Domitille, kila mmoja ana fungu lake. Samaki wakilala nje wataoza, na mtafukuzwa wote wawili. Pokea. Kesho utalia wewe, nani atakupokea?"

Domitille aliupokea ufagio. Ulikuwa mwepesi kama unyoya, lakini mkono wake ulishuka kana kwamba amepewa jiwe la kusagia.

Alasiri ile, alipokuwa akigeuza ndagala wa Chanceline, risasi zililia upande wa Kizuka. Watu walitawanyika kama kumbikumbi. Domitille alikimbia nyumbani, akambeba mtoto mbio hadi dispensari, akakuta kufuli mlangoni. Muuguzi alikuwa amekimbia. Kesho yake, kufuli. Keshokutwa, kufuli.

Siku hiyo ya tatu Chanceline alitangaza kwamba amerudi kutoka kuzika. Wanawake wa uwanja walikusanyika nyumbani kwake kumpa pole. Domitille naye alikwenda, Elda mgongoni, mkononi ule ufagio wa kurudisha na bakuli la ndagala. Vilio vilipanda, lakini Elda hakushtuka. Tangu jana alikuwa haitiki akiitwa.

"Tulimzika harakaharaka, mabomu yakilia," Chanceline alisimulia. "Mimi mwenyewe nilimfumba macho. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, 'Chanceline, wewe ndiye binti yangu.'"

Wanawake walijipangusa machozi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfiwa alikuwa amesukwa nywele upya, mistari imenyooka kama matuta ya mihogo. Kule Gatete, jirani tu, kulikuwa na harusi ya binamu yake, lakini nani angewaza harusi siku kama zile?

Ndipo bibi kizee mmoja alipoingia uani, miguu imevimba, beseni kichwani. Alikuwa ametembea siku mbili kandokando ya ziwa, akiwakimbia wenye bunduki. Alipoona watu wanalia, beseni lilimwanguka.

"Mwanangu! Mwanangu ndiye amekufa? Niambieni, jamani, mimi ni Anastasie, mama yake!"

Kilio kilikatika. Mtu mmoja alinong'ona, "Mwanao ni mzima, mama. Kaa." Mariyamu akamgeukia Chanceline taratibu.

"Mama wee, huyu uliyemfumba macho, nani amemfumbua?"

Chanceline alijibu, "Mimi... nilimaanisha dada yake."

"Dada gani?" Anastasie aliuliza. "Mimi nilizaliwa peke yangu."

Domitille aliuweka ufagio miguuni pa Chanceline, akaikaza mbeleko, akatoka kwenda kulitazama tena lile kufuli. Wanawake wote walitazama mgongo wake mpaka ukapotea. Kisha waliyageuza macho yao kwenye zile nywele mpya.

Barabara ya Muhuta ilikuwa ndefu, tena imefungwa. Njia ya mwongo ni fupi.