Koti la Mkuki

Wageni wanaofika uwandani kwetu hutucheka kwa jambo moja: mbwa wetu wadogo wa mbio hulala kitandani, tena wamefunikwa. Mgeni humwona mbwa mbavu nje, tumbo limeingia ndani, anatetemeka saa tatu asubuhi, akadhani mwenye mbwa ni mchoyo wa chakula. Si hivyo. Nyinyi mliozaliwa hapa mnapaswa kujua jibu.

Kabla ya mambo kuwa kama yalivyo, mbwa huyu alikuwa na manyoya mazito, na chini ya manyoya alikuwa na mafuta unene wa kidole. Vyote vilivuliwa kwa pamoja kama koti. Mbwa aliyekwenda kuwinda aliliacha koti lake kwa mtu aliyebaki nyumbani, kwa kuwa hakuna anayempata sungura akiwa na mzigo mgongoni. Aliyebaki aliitwa mtunzaji. Sheria ilimruhusu kuligusa koti kwa shida kubwa tu, na baada ya kumwita mwenye koti mara tatu.

Mwaka mmoja kipupwe kilikuja mapema. Nyamumwi, mwanamke wa hapa uwandani, alijifungua mtoto wa miezi saba, mdogo kama kiatu. Mumewe alikuwa malishoni, mbali. Nyumbani walikuwa yeye, mama mkwe wake Sumbi, na blanketi moja lenye matundu. Siku ya pili mtoto alipoa mikono, kisha akaacha kunyonya. Moto ulikuwapo, lakini kuni zilikuwa mbichi na moshi ulimkohoza. Ngozi za ng'ombe zilikuwa ngumu kama ubao.

Koti la mbwa wao, Mkuki, lilining'inia mlangoni.

Nyamumwi alitoka nje. Uwanda wetu hauna miti, kwa hiyo alimwona Mkuki waziwazi, akimfukuza sungura. Akaita, "Mkuki! Naomba koti, mtoto anakufa!" Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Mkuki hakugeuka.

Nyamumwi akachukua kisu. Alikata kipande cha kumfunga mtoto, kofia, na mbeleko. Akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika. Jua lilipofika utosini, mtoto alinyonya.

Alasiri Mkuki alirudi na sungura mdomoni. Upepo ulikuwa umeanza. Majirani walimwona akipita bila koti, wakamtania: "Mkuki, unatoka kuoga au ndiyo unakwenda?" Alifika mlangoni akasema, "Mama, koti langu."

Nyamumwi akamwonyesha kifua chake.

Shauri lilipelekwa kwa Mughwai, mkubwa wa mtaa, jioni hiyo hiyo, mbele ya nyumba.

"Uliitwa?" Mughwai alimuuliza mbwa.

"Niliitwa."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na masikio unayo."

"Ninayo, mzee. Lakini nilikuwa namwona sungura."

Watu walicheka. Mughwai hakucheka. Alimgeukia Nyamumwi. "Kwa nini ulikata? Hukuweza kumfunika tu?"

"Koti zima lilikuwa zito kuliko mtoto, baba. Lingemziba pumzi."

Mughwai akasema, "Mtunzaji aliita, mwenye koti hakuitika. Hakuna mwizi hapa. Lakini koti bado ni la Mkuki, hata likiwa vipande. Mkuki, ukivitaka, vitafunguliwa sasa hivi."

Nyamumwi alishika fundo la mbeleko kwa mikono miwili. Mkuki alisogea, akamnusa mtoto miguuni. Wakati huo alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana.

"Avae," alisema. "Mimi nitalala wapi?"

Kabla Mughwai hajajibu, Sumbi alisema kutoka ndani, "Nyinyi endeleeni kuhukumu, mbwa anaganda." Akainua pembe ya blanketi. "Ingia, wewe. Na miguu hiyo ya baridi iweke upande wa pili."

Mughwai akasema hiyo ndiyo hukumu.

Na tangu siku hiyo, mbwa huyu ana ngozi nyembamba na manyoya mafupi. Mbavu zake kuonekana si njaa. Ukimlisha hadi zipotee, unamwumiza miguu, maana mifupa yake ni myembamba na huvunjika akiruka kutoka juu. Usimlaze sakafuni, viwiko vitachubuka. Kipupwe kikija, mshonee nguo. Akiona kitu kinakimbia, hata umwite mara thelathini hageuki, kwa hiyo uwandani mshike kwa kamba, na ukanda wa shingo uwe mpana, kwa sababu kichwa chake chembamba hupenya kirahisi.

Mtoto yule aliishi. Alikua, akazaa, na watoto wake wakazaa, hadi kutufikia sisi tuliomo humu. Kwa hiyo mbwa akikusukuma kitandani, sogea.