Sindano ya Tatu ya Khatibu

Aliyemwambia Kazija kwanza alikuwa mkunga Salme, siku ileile alipojifungua. Alimsogeza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akaonyesha kwa kidole. Tundu la mkojo halikuwa mahali pake. Lilikuwa chini, katikati ya kiungo.

"Watoto kama huyu hupasuliwa, wakapona," alisema. "Ila asitahiriwe. Ngozi ile ndiyo daktari atakayoitumia kumtengenezea njia."

Kazija alikuwa mwenye haya. Aliwaambia mumewe, Faki, na mama mkwe wake, Bi Mize, basi.

Khatibu alipotimiza mwaka, daktari alimpima akasema kiungo bado ni kidogo mno kwa upasuaji. Achomwe sindano tatu za homoni, moja kila mwezi, ili kikue na ngozi iongezeke. Kisha ndipo apasuliwe.

Bi Mize hakuzipenda sindano hizo. Alisema huko ni kumbalehesha mtoto ambaye hata meno hajamaliza kuota. Kazija aliinamisha macho, lakini tarehe hakuziruka.

Siku moja kabla ya sindano ya tatu, Bi Mize alimwogesha mjukuu wake, akatoka uani akicheka. Kiungo kilikuwa kimekua, kila mwenye macho angeona.

"Mke wa Faki, dawa imefanya kazi yake. Huyu kapona. Kesho ngariba anakuja hapa kuwatahiri binamu zake, naye atahiriwe pamoja nao."

Kumbe kanzu nyeupe ilikwisha kushonwa, ndogo kama ya mwanasesere. Majirani nao walikwisha kualikwa, na walipita wakimtania Kazija kwamba kesho ana bwana harusi mwenye nepi.

Kazija alijua kitakachopotea. Ngozi ikikatwa, hairudi.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "tundu bado liko palepale. Sindano zimekuza tu, hazijalihamisha."

"Unanifundisha mimi niliyezaa saba?"

Aliyejibu alikuwa Faki, ambaye tangu aoe hakuwahi kusikika akibishana na mama yake. Alikuwa anakula. Akaisukuma sahani.

"Mama, hata mimi nilitahiriwa pamoja na binamu zangu."

"Na watu walikula wakafurahi."

"Nilizaliwa kama Khatibu. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda kwa daktari peke yangu. Akaniambia kazi imekuwa ngumu, maana ngozi ya kunitengenezea ilikwisha kukatwa. Nikaogopa, nikarudi nyumbani. Mpaka leo nachuchumaa kwa haja ndogo, na watu wanadhani ni adabu."

Kazija aliyajua hayo. Hakudhani kama siku moja yangesemwa.

Bi Mize aliitazama ile kanzu.

"Nililiona lako," akasema. "Nilidhani tohara italiweka sawa."

Asubuhi yake, ngariba alipokuwa akivua viatu mlangoni, Kazija aliikunja kanzu, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kisha akamfunga Khatibu mgongoni, akampita ngariba kwa salamu, akaenda kituo cha afya kwa sindano ya tatu.

Funzo: Nafuu ya katikati ya tiba si mwisho wa tiba, na kabla hujakata kilicho cha mtoto, muulize kwanza anayejua kitahitajika kwa kazi gani. Mfikishie haya na mama mwenzako anayeona haya kuuliza.