Mtego wa Jua

"Jua ni bure, mtego wake si bure." Mmeyasikia maneno hayo leo kwa fundi aliyekuja kupima paa letu, mkanijia kuuliza yametoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika uwanda ulio chini ya vilima vya Taita, mahali nyaya za umeme hazijafika, waliishi Mwakio na mkewe Wakesho. Mwakio alikuwa na kisukari, na uhai wake ulikuwa kwenye sindano ya insulini. Dawa ile haitaki joto, basi Wakesho aliihifadhi ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Kiangazi kimoja joto lilizidi, chungu kikashindwa. Dawa ikaharibika bila wao kujua. Mwakio akaanguka shambani, akapelekwa hospitalini hajitambui. Alipona, lakini daktari aliwaambia wazi kwamba bila friji atarudi tena, na huenda asiwahi.

Wakati huo ushirika wa wakulima ulikuwa umetangaza kwamba mwanachama akitoa nusu ya bei ya sola, nusu nyingine italipwa na ushirika. Watu wengi walikaa wakingoja siku ushirika utakapolipa bei yote. Wakesho hakungoja. Walikuwa na maksai wawili wa kulimia, basi akasema wauzwe.

Mwakio alikataa. "Tukiwauza, tutalima na nini?"

"Kwa jembe."

"Shamba lote hili? Utajiua, mke wangu."

"Mikono ninayo miwili," alisema Wakesho. "Wewe ni mmoja tu."

Mwakio akakubali. Maksai wakauzwa. Paneli zikapanda juu ya mabati, betri ikaingia ndani, na friji ndogo ikaanza kunguruma.

Mvua zilipokaribia, Wakesho alishika jembe. Jirani yao Mwandawiro, aliyekuwa na maksai wake wanne, alimkuta ameinama, jasho linamtiririka.

"Shemeji," alisema akicheka, "jua Mungu analitoa bure, nawe umelinunua kwa ng'ombe!"

Wakesho alijinyoosha, akajipangusa uso. "Kanga wa porini naye hana mwenyewe. Umewahi kumla bila kumtega?"

"La."

"Basi ndivyo. Jua ni bure, mtego wake si bure."

Mwandawiro alitaka kujibu, lakini macho yake yakaangukia upande wa pili wa shamba. Mwakio, yule aliyebebwa kama maiti juzijuzi, alikuwa akilima. Alilima polepole, akipumzika mara kwa mara, lakini tuta lake lilikuwa limenyooka. Mwandawiro akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Wakesho alisikia kengele za ng'ombe. Mwandawiro alikuwa ameshaingia shambani na maksai wake wote, plau imezama ardhini. Hakuitwa, wala hakutaka ujira. Wakesho alipomfuata kumshukuru, alitikisa kichwa.

"Mimi ndiye wa kushukuru, shemeji. Nina ng'ombe wanne, na mama yangu mzee anapapasa gizani. Nikimaliza kulima hapa, wawili wanakwenda mnadani."

Njiani kwenda mnadani, Mwandawiro alikutana na wale waliokuwa bado wanangoja sola ya bure. Wakamwuliza, je, hata yeye anauza maksai kwa ajili ya jua la Mungu? Hakusimama. Aliwajibu huku akitembea, na tangu siku ile uwanda mzima ukajua kusema: jua ni bure, mtego wake si bure.