Fisi wa Dini Tatu

Kaeni vizuri, na mwenye kikombe cha maji asikimwage, maana kisa hiki kinaanza na kiu.

Mji wa Kwato ulikauka. Mvua ilikatika kwa miezi minane, mabomba yakawa yanakohoa upepo tu, na Bata, ambaye hajakosa kuoga tangu azaliwe, akawa anajipaka vumbi na kuuliza kama amependeza. Lilibaki tangi moja, maji ya siku saba. Mama Kanga, mpishi wa sokoni, alikuwa na vifaranga kumi na wawili. Kila asubuhi aliwapimia maji kwa kifuniko cha chupa, na kila asubuhi walilia wakitaka kifuniko cha pili.

Nyuma ya soko kulikuwa na chemchemi ya zamani. Tatizo, ilikuwa chini ya mlima wa takataka: makopo, viatu vya mguu mmoja, na juu ya yote godoro la Kiboko, ambalo lilikuwa limekufa siku nyingi bila kuzikwa.

Mji ule ulikuwa na dini tatu. Watu wa Jua, wakiongozwa na Mwalimu Jogoo, walisali asubuhi ili kumpokea mgeni wao. Watu wa Mwezi, chini ya Bibi Bundi, walisali mchana, kwa sababu mchana Mwezi amelala na lazima mtu amlinde. Watu wa Mvua, wa Mzee Kobe, walisali jioni, na kwa miezi hiyo minane walikuwa wanasali kwa sauti kubwa kweli kweli. Sheria yao wote ilikuwa moja: wakati wa ibada, mtu hashiki koleo wala kijiko.

Kila dini ilikuwa imejaribu kuchimba peke yake. Wakienda kusali, takataka zinaporomoka, wakirudi wanaanza upya.

"Jamani," akasema Sungura, "hivi mnachimba au mnakuna mgongo wa mlima? Chimbeni pamoja! Wa Jua wakisali, wa Mwezi na wa Mvua washike makoleo. Wa Mwezi wakisali, wengine washike. Kazi isilale. Na chakula kiwe sufuria moja, kila zamu inapomaliza."

"Na wanaosali?" akauliza Bibi Bundi.

"Wanafunga mlo huo mmoja, kama kawaida yao. Milo miwili inawatosha."

Wakakubaliana. Watu wa Jua wakavaa unyoya wa njano sikioni, wa Mwezi kitambaa cheupe shingoni, wa Mvua jani la mgomba kichwani, ili ijulikane nani yuko ibadani. Gunia la maharage likafunguliwa, la siku saba.

Fisi aliposikia neno sufuria, alipata imani papo hapo. Alipata tatu.

Asubuhi Mzee Kobe alimwita, "Ndugu Fisi, koleo lako hili hapa."

"Mzee wangu!" Fisi akashtuka, akigusa unyoya sikioni. "Unanishikisha koleo saa ya ibada? Huogopi?"

Mzee Kobe akaomba radhi. Chakula kilipoiva, Fisi akatokea na kitambaa cheupe, akihema. "Mama Kanga, sisi watu wa Mwezi tumechimba mpaka kucha zimepinda. Jaza. Bado. Hapo pana nafasi, jaza."

Mchana, kwenye makoleo alikuwa wa Mwezi, yuko ibadani, msimguse. Kwenye sufuria alikuwa wa Mvua. Jioni akageuza tena. Nguo alibadilishia nyuma ya kibanda cha Mama Kanga, mbio mbio.

Siku ya nne Mama Kanga alitazama ndani ya gunia, akakaa chini.

"Limebaki robo," akasema. "Maharage yakiisha, wachimbaji watatawanyika. Wakitawanyika, vifaranga wangu nitawapimia nini kwenye kifuniko? Mate?"

Wakati huohuo Fisi akachomoka nyuma ya kibanda, sahani mkononi. Haraka ilikuwa imemponza. Unyoya sikioni, kitambaa shingoni, jani kichwani. Alikuwa amefanana na duka.

Soko zima likageuka.

"Ni... ni mtindo," akasema Fisi.

Mwalimu Jogoo alikuwa ameshainua upanga, yaani ukucha, lakini Sungura akamtangulia na kuanza kupiga makofi.

"Ndugu zangu, hamwoni? Sisi tunausema umoja kwa mdomo, mwenzetu ameubeba mwilini! Dini tatu, tumbo moja! Mheshimiwa Meya, huyu apewe cheo!"

Meya Simba alikuwa amekuja kupigwa picha na koleo, na alikuwa amelishika juu chini. Akatikisa manyoya. "Namtangaza kuwa Mfano wa Umoja! Na neno langu likitoka halirudi, hata likisahau kofia."

Fisi akainama, machozi ya furaha yakimtoka. "Nastahili," akasema.

"Basi, Mfano," akasema Sungura, "kaa utuoneshe. Asubuhi, kama mtu wa Jua, utafunga. Na kama mtu wa Mwezi na wa Mvua, utachimba."

"Sawa. Mchana nitakula."

"Mchana wa Mwezi wanafunga."

"Jioni, basi."

"Jioni wa Mvua."

Fisi akahesabu kwa vidole, akarudia kwa vidole vya miguu. "Na kupumzika?"

"Kila zamu wanapumzika wanaosali. Wewe daima una dini mbili zenye koleo."

Kesho yake alichimba asubuhi bila kula. Alichimba mchana bila kula. Jioni harufu ya maharage ilipompitia puani, alitupa koleo, akavua unyoya, kitambaa na jani, akalia soko zima likasikia:

"Mimi si wa Jua! Si wa Mwezi! Si wa Mvua! Mimi ni wa sufuria!"

"Afukuzwe!" akawika Mwalimu Jogoo.

"Afukuzwe kwa kukosa dini?" akauliza Mzee Kobe taratibu, kwa kuwa hana namna nyingine. "Asiye na dini naye anasikia kiu, na mikono anayo. Abaki, awe Fisi tu. Achimbe kama sisi, ale kama sisi."

"Ila kwanza alipe alichotuibia," akasema Bibi Bundi.

"Nitalipaje? Nimeshakimeza!"

Sungura akamwokotea koleo.

Maharage yaliyobaki yakapimwa kijiko kijiko. Siku ya saba tangi lilikauka. Fisi ndiye aliyelifikia godoro la Kiboko, lililokuwa limeporomokea shimoni. Kwa hasira za njaa akalichoma koleo, na chemchemi ikafoka. Maji yakamrusha juu pamoja na godoro, akapita juu ya Meya, akatua ndani ya sufuria kubwa ya Mama Kanga, chubwi!

Akafumbua macho, akaramba pembeni. Ilikuwa imeshaoshwa.

"Toka humo," akasema Mama Kanga, "nataka kuchota maji." Kile kifuniko cha chupa akakitupa, akawamiminia vifaranga beseni zima. Dini tatu zikanywa kwa zamu, na Fisi akanywa mwisho, kwenye foleni, kama Fisi.

Basi wewe unayejiita wa kila kundi chakula kinapopakuliwa, jua kwamba na makoleo ya kila kundi ni yako. Kisa changu kimefika sufuriani, nacho kimeikuta tupu.