Ukungu Ukifika Mlangoni

Mshai, fungua huo mlango. Najua baridi inaingia, na najua mmetoka mjini jana tu, miguu yenu haijazoea. Fungua hivyo hivyo, kisha wewe na wenzako mje hapa jikoni tumenye maharage, niwaeleze kwa nini katika mlima huu mtu hafungi mlango ukungu ukishuka. Anayetaka kusikiliza amenye, na asiyetaka kusikiliza amenye pia.

Hapo kale msitu huu haukuwa na mahali pake. Ulikuwa unatembea. Mchana kutwa ulisimama huko juu kwenye majabali, lakini jua lilipoanza kulegea na moshi wa majiko kupanda, miti ilichomoa mizizi yake polepole ikaanza kushuka. Haikukimbia wala haikuvunja kitu. Ilipita pembeni mwa mashamba kama mtu anayeogopa kukanyaga mboga za wenyewe, ikaja kusimama nyuma ya mazizi. Mtu alitoka kumwaga maji machafu, akainua macho, akakuta miti imemzunguka na jana yake palikuwa uwanja mtupu. Hebu fikirieni wenyewe. Hata mimi ningepiga yowe.

Kilichowatisha watu zaidi ni kwamba msitu ulikuja kimya. Watu wa mlima huu walikuwa na jambo moja wasilolifanyia mzaha hata kidogo, nalo ni hodi. Ukifika kwa mtu, hata kama ni kwa dada yako wa tumbo moja, unasimama kando ya njia, unapiga hodi, unangoja karibu. Usipojibiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka. Anayekuja mpaka ukutani mwa watu akasimama bila kusema neno ni mwizi au mchawi, na mtu wa namna hiyo hapewi maji ya kunywa, hutupiwa kijinga cha moto. Ndivyo walivyolelewa. Basi msitu ulipokuja bila hodi, nao waliutendea vile vile. Walipiga vinu na masufuria, wakapiga kelele, wakaurushia vijinga vya moto mpaka ukarudi juu. Jioni iliyofuata ukaja tena.

Watoto walitishwa kwa msitu. Mtoto akikataa kuoga, msitu. Akilia ovyo, msitu. Kuni zenyewe zilikuwa ni vijiti vya kuokota mabondeni, maana hakuna aliyethubutu kuweka mguu chini ya mti.

Katika kijiji hicho alikuwapo mama mmoja mjane, jina lake Mkamburi, na mtoto wake wa pekee, binti aitwaye Wakesho. Wakesho alikuwa msemaji kupita kiasi. Alisema na mbuzi, alisema na chungu kilichokataa kuchemka, na asipopata wa kusema naye alijijibu mwenyewe. Mama yake alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hebu upumzishe huo mdomo," na bado siku binti alipokwenda kwa shangazi yake, mama huyo huyo alishindwa kula kwa jinsi nyumba ilivyopoa.

Jioni moja Wakesho alikuwa nyuma ya zizi akitafuta mwanambuzi aliyepotea, naye akimgombeza kwa sauti, hata hakuona miti ilivyomkaribia. Mtu mmoja akaiona, akapiga ukelele. Kijiji kizima kikatoka na vinu na masufuria, vijinga vikaruka, na msitu ukageuka ukakimbia kuliko siku zote. Moshi ulipotulia, mwanambuzi alikuwa amesimama peke yake uwanjani. Binti alikuwa katikati ya ile miti ilipoondoka, ikaenda naye. Hakuna aliyemchukua kwa kusudi. Ni wale waliokuwa wakimlinda ndio waliomfukuza pamoja na msitu.

Shemeji yake Mkamburi, ndugu wa marehemu mumewe, aliitwa Mwakio, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake aliuficha kwa kusema kwa sauti kubwa. Asubuhi aliwakusanya watu akawaambia kwamba sasa msitu umeanza kula watu, na dawa yake ni moja. Ulikuwa wakati wa kiangazi, majani makavu. Upepo wa mchana ulikuwa ukivuma kuja kijijini, lakini ukigeuka kuelekea majabalini watauchoma msitu, nao nyuma ya majabali hauna pa kukimbilia.

"Na mwanangu je?" Mkamburi akauliza.

"Shemeji, pole sana. Mwanao hayupo tena."

"Umeona maiti? Umeona hata nguo?"

Mwakio akatazama chini. "Mama Wakesho, nina watoto wa kijiji kizima mgongoni mwangu. Upepo ukigeuka nitawasha."

Mkamburi hakubishana naye. Alirudi nyumbani, akapika uji, akautia kwenye kibuyu, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kupanda. Kwa nini uji, msiniulize. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu haendi mikono mitupu, hata huko anakokwenda kugombana.

Na kugombana ndiko alikokusudia. Njia nzima alikuwa akipanga matusi, la kwanza mpaka la mwisho. Alipofika ukingoni aliiona miti inatetemeka, na mashina mengine yalikuwa meusi kwa kuungua, makovu juu ya makovu, ya jana na ya miaka iliyopita. Akafungua mdomo atukane. Lakini mdomo uliozoea jambo tangu utotoni una ukaidi wake, na mbele ya mahali pa mtu mwingine mdomo wa Mkamburi ulijua kusema neno moja tu.

"Hodi!"

Miti ikaacha kutetemeka. Yote, kwa mara moja. Tangu msitu uwe msitu, hakuna aliyewahi kuupigia hodi. Mkamburi naye alishtuka, hata akaona haya kidogo, lakini ukishaanza hodi huwezi kuiacha njiani. Akasimama kando, akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, na sauti yake ikakatika katikati, kwa sababu alijua maana yake. Asipojibiwa itambidi arudi, na nyuma yake Mwakio anangoja upepo. Msitu hauna mdomo. Ungesemaje karibu?

Alisimama pale akilia bila kujificha. Ndipo kati ya mashina kukatoka kitu cheupe, laini, chenye baridi. Kikaja chini chini mpaka miguuni pake, kikamgusa, kisha kikarudi ndani polepole na kusimama kumngoja, vile mwenyeji anavyomshika mgeni mkono kumwingiza ndani. Ulikuwa ukungu, na watu wa mlima huu walikuwa hawajapata kuuona. Mkamburi akapangusa macho, akasema, "Asante, nimekaribia," akaingia.

Hakwenda mbali kabla hajasikia sauti. Wakesho alikuwa ameketi juu ya mzizi mkubwa, mdomo mwekundu kwa matunda ya porini, akiusimulia mti mmoja mzee jinsi shangazi yake alivyovunja chungu cha mkwewe na kumsingizia paka. Na miti ya pande zote ilikuwa imeinama kumwelekea. Ilikuwa inasikiliza.

Mama alimkumbatia, akamkagua mikono na miguu, akamzaba kofi dogo la furaha, akamkumbatia tena. Walilia wote wawili. Kisha Wakesho akanywa uji, na akiwa bado anakunywa akasema, "Mama, huu msitu haujui kusema, lakini unapenda masimulizi kushinda bibi. Nikisema unatulia. Nikinyamaza unaanza kushuka kuelekea kule kwenye moshi. Unakuja kwetu kusikiliza, mama. Basi."

Mkamburi akayatazama yale makovu meusi. Miaka yote hiyo walikuwa wakimtupia moto jirani aliyekuja kuzungumza. Moyo ulimuuma sana, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, aliweka mkono kwenye shina lililoungua akasema kwa sauti: "Tusamehe. Hatukujua. Lakini nawe, ulikuja bila hodi! Ungetaka tufikirie nini? Sasa sikia. Wewe kaa hapa, usishuke tena, watoto wanaogopa. Sisi ndio tutakuja kwako, tutapiga hodi, tutakupa habari zote. Na ukizidiwa na hamu ya kutuona, usije mwenyewe. Mtume huyu mweupe."

Ndipo walipousikia upepo ukigeuka.

Mkamburi alimshika binti mkono wakakimbia kutoka. Ukingoni walimkuta Mwakio na wanaume wengine, kijinga kikubwa mkononi mwake kinawaka, na nyasi kavu ziko hatua chache tu kutoka hapo. Alipomwona Wakesho alirudi nyuma hatua moja, lakini kijinga hakukishusha.

"Ondokeni hapo, shemeji. Huo ni mtego."

"Sitaondoka," akasema Mkamburi. "Umefika kwa watu. Piga hodi."

"Nipige hodi kwa miti?"

"Baba mdogo, mimi nimelala kwao," akasema Wakesho. "Piga tu."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Mwakio akakohoa, akatazama kushoto na kulia, kisha kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, akasema, "Hodi."

Ukungu ukatoka. Ukampanda miguuni, kifuani, ukafika mkononi, na kile kijinga kikalia chwii, kikazimika. Mwakio alibaki ameshika kijiti kilicholowa, ndevu zinadondosha maji. Wakesho ndiye aliyecheka kwanza, halafu wanaume, na mwisho Mwakio mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Hofu ya kijiji ilianza kwisha hapo, kwenye kile kicheko.

Msitu ukalishika neno la Mkamburi. Ukateremsha mizizi ndani sana, ukabaki huko juu hadi leo. Lakini yale matembezi haujayasahau, ndiyo maana jioni mnaiona miti inayumba na haiendi popote. Watu nao wakawa wanapanda. Hodi, karibu, na habari: nani kaoa, nani kagombana na nani. Wakapata kuni na dawa, na kivuli cha kupumzikia. Baada ya muda, mtu akikaa siku nyingi bila kupanda, alisema nimeukumbuka msitu, na wala hakuchekwa.

Lakini watu ni watu. Miti waliipenda, na milango waliendelea kuifunga ukungu uliposhuka, kwa ajili ya baridi. Mpaka alipokufa Mkamburi, akiwa ajuza. Wakesho, ambaye naye alikuwa na wajukuu sasa, alipanda kwenda kuupa msitu habari. Akapiga hodi, ukungu ukamjia miguuni. Akafungua mdomo, na yule msemaji wa wasemaji akakosa neno hata moja. Alisimama tu, akageuka akarudi.

Msitu ulielewa. Mchana ule ule, jua la kiangazi likiwa utosini, ukungu ukashuka kijijini, ukafika kwenye nyumba ya msiba. Haukuingia. Ulisimama kando ya mlango, ukangoja kama watu. Wakesho akanyanyuka pale mkekani, akaufungua mlango wote, akasema, "Karibu, jirani." Ukungu ukaingia, ukakaa na wafiwa mpaka mazishi.

Na tangu siku hiyo, ukungu ukishuka katika mlima huu hatufungi mlango. Tazama, Mshai, ukungu umefika kizingitini na unangoja. Mwambie karibu.